Mlaze chali, hata kama Makete kuna barafu

Tukuyu, Juni

Mwanangu Atupele,

Hatujambo hapa, mvua imepungua na baba yako bado anakohoa kidogo. Msalimie mume wangu Lusajo, mwambie mke wake wa Tukuyu anamsubiri. Nimeamua kuandika kwa sababu nikipiga simu mama mkwe wako anakuwa pembeni, na wewe unanijibu "ndiyo mama, ndiyo mama" tu. Soma barua hii ukiwa peke yako, halafu ukipenda umsomee na yeye.

Mlaze mtoto chali. Iwe mchana, iwe usiku, kila anapolala, mpaka atimize mwaka. Unasema akilala chali anashtuka, anarusha mikono na kulia, lakini ukimgeuza kifudifudi analala fofofo. Najua, wengi wako hivyo. Lakini huo usingizi mzito ndio tunaouogopa sisi tuliofanya kazi zahanati. Mtoto wa miezi miwili, ubongo wake bado haujakomaa vya kutosha kumwamsha hewa inapopungua. Akiwa kifudifudi na pua imezama kwenye godoro, anavuta tena hewa ileile aliyoitoa, na haamki. Kuamka-amka kunakokuchosha wewe ndiko kunakomlinda yeye. Miezi ya pili hadi ya nne ndiyo ya kuangalia zaidi, na Lusajo ndiyo kwanza anaingia humo.

Ulaya na Marekani, kwa miaka mingi madaktari wenyewe waliwaambia wazazi wawalaze watoto kifudifudi, eti wasipaliwe. Watoto wazima kabisa wakawa wanakutwa asubuhi wamekufa. Uingereza ikabadili ushauri mwaka 1991, Marekani ikaanza kampeni yake mwaka 1994, na vifo vya namna hiyo vikashuka kwa zaidi ya nusu. Haikuletwa dawa wala sindano mpya, waliwageuza watoto tu. Huku kwetu mtoto akikutwa hivyo, maneno huanza kabla hata ya kuzika: kalogwa, mama kamlalia, kuna mkono wa mtu. Hakuna anayeuliza alikuwa amelala vipi.

Sasa hilo la kupaliwa, maana najua ndilo analolisema mama mkwe wako. Usimbishie, ni mtu mzima na amelea. Mweleze hivi: mtoto akiwa chali, njia ya hewa inakaa juu na njia ya chakula inakaa chini yake. Maziwa yakirudi, ili yaingie kwenye njia ya hewa ni lazima yapande. Akiwa kifudifudi zinageuka, na maziwa yanashuka yenyewe kuelekea kwenye hewa. Na mtoto mzima akicheua hukohoa au humeza. Wewe mcheulishe vizuri begani kila akimaliza kunyonya, kisha mlaze. Mama mkwe akikataa kukuelewa, mwambie mama ndiye kasema, tutamalizana wenyewe wazee tukionana.

Ubavu nao hapana, hata ukimwekea mto mgongoni. Anabiringika kwenye tumbo wewe ukiwa usingizini, na mto wenyewe ni hatari nyingine. Kichwa kuwa bapa kisikusumbue; leo mwelekeze uso upande huu, kesho upande ule, na mchana akiwa macho mlaze kifudifudi kwenye mkeka, wewe ukiwa umekaa hapo hapo. Shingo itapata nguvu. Siku akianza kugeuka mwenyewe huku na huku, mlaze chali kama kawaida, kisha akijigeuza usiku mwache. Na ukiona ameanza kujaribu kugeuka, acha kumfunga mikono kwenye shuka.

Baridi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu baridi ya Makete inamfanya mtu mwenye akili zake afanye mambo ya ajabu. Umeniambia mnamfunika mablanketi mawili na kumzungushia mito. Toa yote hayo. Blanketi zito humpanda mtoto usoni, na yeye hana nguvu ya kulisukuma. Joto likizidi nalo ni baya kwake, sawa na baridi. Mvalishe badala ya kumfunika: fulana ya ndani, nguo ya mikono mirefu, sweta inayomkaa, suruali, soksi. Kama wewe umevaa nguo mbili, yeye avae tatu. Usimpime kwa vidole, vidole vya mtoto huwa vya baridi kila siku. Ingiza mkono nyuma ya shingo au kifuani. Pakiwa na jasho, punguza nguo moja. Kofia ya kulegea isiyokaa mahali pake usimlaze nayo, itashuka mpaka puani. Ukitaka kitanda kiwe na joto, zungushia chupa ya maji ya moto kanga, iweke pale anapolala, na uitoe kabla hujamlaza.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani. Hata likiwa limebaki majivu mekundu tu, hata kama ni kwa nusu saa. Ile hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, na familia nzima hulala isiamke. Oteni moto jikoni, mlango ukiwa wazi, kisha mwingie mlale.

Mahali pa kulala, kinachofaa ni kitanda chake mwenyewe karibu na chako, godoro gumu, shuka moja iliyobana, bila mto. Fundi wa hapo anaweza kukigonga kwa mbao za paini, na Makete mbao si shida. Mpaka kiwe tayari, kama analala nanyi, akae upande wako, chali, mbali na mito na blanketi lenu, asiwe katikati yenu. Siku baba yake akitoka kunywa ulanzi, akalale kwingine, na asinune. Usiku ukinyonyesha, nyonyesha kitandani kuliko kwenye kochi, maana kochini usingizi ukikupitia mtoto anazama kwenye kona ya mto na huwezi kujua.

Habari ya kumwekea mkono puani kila saa, naielewa. Watoto wachanga hupumua haraka haraka, wakanyamaza sekunde tano au kumi, kisha wakaendelea. Ni kawaida yao. Lakini akinyamaza sekunde ishirini, au midomo ikawa ya bluu, au akalegea, au mbavu zikawa zinabonyea anapovuta pumzi, au akakataa kunyonya, usingoje kukuche wala usingoje ushauri wangu. Mbebe, nenda hospitali. Ukimbeba kwenye mbeleko, hata kwa baridi ile, uso wake uwe nje. Nimewaona mama wa huko wanafunika mtoto gubigubi mpaka hujui kama ni mtoto au mzigo wa viazi.

Nimempa dereva wa gari la Makete kifurushi, kakichukue stendi Ijumaa. Sweta mbili na soksi ni za Lusajo. Blanketi kubwa ni lako na mumeo.

Mama yako