Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: si kila homa inayopanda kichwani ni malaria

Ndugu Mganga Mkuu,

Tunakusalimu kwa heshima. Mtu mzima akifikishwa wodini anaweweseka, ndugu zake hutangulia kusema malaria imempanda kichwani. MRDT, kipimo cha haraka cha malaria, ikitoa mistari miwili, yaani malaria ipo, hakuna anayeuliza zaidi. Lakini protini inayosakwa na kipimo hicho huweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Aliyepona malaria mwezi uliopita anaweza kuonekana anayo leo, kumbe kinachomlaza ni influenza, yaani mafua makali ya virusi.

Influenza ikigusa ubongo, dalili hufuata siku chache tu baada ya kikohozi na mwili kuuma: kuchanganyikiwa, degedege, usingizi usioamshika. Maji ya uti wa mgongo mara nyingi hutoka safi, kwa sababu madhara hutokana zaidi na mwili unavyopambana na virusi kuliko virusi kuingia kwenye ubongo. Majibu hayo yasimfanye daktari aufute ugonjwa. Sampuli ichukuliwe nyuma kabisa ya pua, itunzwe kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi, ifike maabara ndani ya saa 72. Kutoka huku hadi Dar es Salaam, saa hizo hazitoshi kitu, kwa hiyo tiba isisubiri majibu.

Sukari ipimwe kwanza. Artesunate ya malaria na ceftriaxone, antibiotiki ya homa ya uti wa mgongo, ziendelee mpaka malaria na homa ya uti wa mgongo ziondolewe kwenye orodha, na juu yake iongezwe oseltamivir, dawa ya virusi vya influenza, 75 mg mara mbili kwa siku, siku 5. Hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, ila aliyelazwa apewe hata akichelewa. Asiyemeza, kapsuli ifunguliwe, unga ukorogwe kwenye maji, upite kwenye mrija wa puani. Figo zikichuja mililita 10 hadi 30 tu kwa dakika, dozi ni 30 mg mara moja kwa siku. Kapsuli ya 75 mg haigawanyiki kwa kukadiria, hivyo stoo ziagize na za 30 mg. Kichefuchefu kitakuwepo, si sababu ya kuacha dawa.

Miguu ikilegea wiki 1 hadi 3 baada ya mafua na ulegevu ukapanda juu, hilo ni jingine: mwili unashambulia mishipa yake ya fahamu, na oseltamivir haisaidii. Kinachoua hapo ni pumzi. Mgonjwa ahesabu kwa sauti bila kuvuta pumzi tena. Asiyefika 20 apewe rufaa mara moja, akisindikizwa na muuguzi mwenye oksijeni.

Tunachoomba ni waraka wa ukurasa mmoja wenye haya, na dawa iwekwe Kakonko, Kibondo, Kasulu na Uvinza, si mjini peke yake. Mgonjwa mmoja anamaliza kapsuli 10. Dawa ya wagonjwa watano kwa kila hospitali ya wilaya ni kapsuli 50.

Wahudumu wa afya, Kigoma