Barua ya wazi kwa vijana wanaoingia kwenye mieleka ya kulipwa

Vijana wangu,

Salaam kwenu nyote. Nawaandikia kwa sababu naona kila mmoja wenu anautaka mkanda wa ubingwa. Mnajenga misuli, mnajifunza kuruka kutoka juu ya kamba, mnajichagulia majina ya kutisha, na hayo yote yana mahali pake. Lakini sijamsikia hata mmoja akisema kwamba angependa kuwa meneja, au kwamba siku moja angependa kuketi na karatasi apange nani apambane na nani, lini, na kwa kisa gani. Nimeifuata mieleka tangu enzi za kanda za video, na kadiri umri unavyosogea ndivyo ninavyozidi kuziheshimu kazi hizo mbili. Naomba basi mnisikilize nikiwaeleza habari za mtu aliyezifanya zote, Gary Hart.

Hart alizaliwa Chicago mwaka 1942, akaingia ulingoni akiwa kijana mdogo. Enzi hizo mieleka ya Marekani ilikuwa imegawanyika katika kanda, kila kanda na promota wake, na mwanamieleka alihama huku na huko akifuata riziki. Katika kuhama huko Hart alijijengea jina zaidi kwa ulimi kuliko kwa mabavu. Alikuwa meneja wa Don Jardine, yule mwanamieleka mrefu aliyevaa kinyago na kuitwa The Spoiler, na hapo ndipo alipoonyesha kwamba mtu anayesimama nje ya kamba anaweza kuujaza ukumbi sawasawa na aliye ndani.

Tazameni alichokifanya Florida mwaka 1974. Dusty Rhodes wakati huo alikuwa adui wa watazamaji, na Hart alikuwa meneja wake. Katika pambano ambalo Rhodes na mwenzake Pak Song walikuwa wanakabiliana na Eddie Graham na mwanawe Mike, kukazuka ugomvi ndani ya kambi yao, na Pak Song na Hart wakamgeukia Rhodes. Ukumbi uliokuwa ukimzomea ukasimama upande wake, na tangu hapo Rhodes akawa steringi aliyependwa kuliko wengi wa kizazi chake, akatwaa ubingwa wa dunia wa NWA, muungano wa mapromota wa kanda, mara tatu, baadaye akawa mpangaji wa mapambano yeye mwenyewe, na hadi anafariki mwaka 2015 alikuwa akiwafundisha chipukizi wa NXT, tawi la WWE la kukuza vipaji. Hart alibaki na chuki yote ya usiku ule. Alikubali kuchukiwa ili mwenzake apendwe, na jambo hilo, vijana wangu, ni gumu kuliko mruko wowote mnaoufanyia mazoezi.

Mwaka uliofuata, tarehe 20 Februari 1975, ndege ndogo iliyokuwa imewabeba wanamieleka ilianguka katika ghuba ya Tampa. Bobby Shane alifariki. Buddy Colt, aliyekuwa akiirusha ndege hiyo, hakuweza tena kuendelea na mieleka. Hart aliumia vibaya sana, lakini alipopona aliendelea na kazi kwa miaka mingi, kwa kuwa kichwa chake kilikuwa tayari kimejifunza kazi ambayo haikuhitaji mwili mzima. Ndiyo sababu nawasihi mjifunze kupanga na kuongea sasa, mkiwa wazima, wala msingoje goti likatike.

Huko Texas alimchukua Akihisa Mera, Mjapani mwenye ujuzi ambaye Wamarekani wengi hawakumjua, wakatengeneza The Great Kabuki: uso uliopakwa rangi, ukimya mtupu, na ukungu wa rangi aliokuwa akiutema kutoka mdomoni. Mera hakuhitaji kusema neno, Hart alimsemea. Mwaka 1989 akarudia kazi hiyo kwa Keiji Mutoh, aliyeletwa kwa watazamaji kama The Great Muta, mwana wa Kabuki. Hakunakili tu. Alisoma uwezo wa kijana yule, akaona wepesi wake, akauacha uonekane.

Hart alikuwa pia miongoni mwa vichwa vilivyopanga mieleka ya Dallas katika miaka yake mikubwa, ambapo wana wa promota Fritz Von Erich walipendwa kama ndugu wa kila nyumba. Usiku wa Krismasi wa 1982, Kerry Von Erich akipambana na Ric Flair ndani ya kizimba cha chuma, Terry Gordy wa kundi la Freebirds alimbamizia Kerry mlango kichwani, na uhasama wa kundi hilo na akina Von Erich ukawaka kwa miaka.

Hapa lazima nizungumze kwa uzito. Ndugu watano wa nyumba ile waliingia ulingoni: Kevin, David, Kerry, Mike na Chris. David alifariki Japani mwaka 1984 akiwa na miaka 25. Mike aliugua karibu kufa mwaka 1985, kisha akarudishwa ulingoni akitangazwa kuwa muujiza unaoishi, na mwaka 1987 alijiua. Chris alijiua mwaka 1991, Kerry mwaka 1993. Amebaki Kevin peke yake. Simlaumu mpangaji mmoja kwa msiba wa familia nzima, lakini nasema kwa moyo wote kwamba anayeshika kalamu ameshika miili ya watu, na siku mtakayopewa kalamu hiyo, jina la mgonjwa lifuteni kwenye orodha hata kama tiketi zimekwisha kuuzwa na promota anafoka.

Hart alifariki mwaka 2008. Nina ombi moja. Kabla ya mazoezi yenu yajayo, tafuteni pambano la Flair na Terry Funk la Novemba 1989, lile la kushinda kwa kumlazimisha mwenzako atamke kwamba amesalimu amri. Litazameni mara mbili: mara ya kwanza kama watazamaji, na mara ya pili msiwaangalie wapiganaji, mwangalieni Hart, meneja wa Funk, pale chini, anasimama wapi, anasogea lini, na anafanya nini Funk anapompa Flair mkono. Andikeni mnayoyaona, kisha mje tuyajadili.

Mzee wenu katika mieleka