Papa, Mulombwa Ubaki Katuba

Liège, Ubelgiji

Papa na Mama wapenzi,

Jambo sana kwenu wote, kwa yaya, mkubwa wetu, kwa mdogo wangu, na kwa kila anayekaa hapo kusikiliza barua hii ikisomwa. Sisi huku tuko wazima. Watoto wanasoma, baridi imeanza kuuma, kazi inaendelea.

Papa, shangazi amenipigia simu. Ameniambia umechagua vipande vya mulombwa mkavu, ule mti wetu wa mbao nyekundu, vile vilivyobaki kwenye vitanda na makabati, ili avitie kwenye valizi atakapokuja huku, mimi nivitengenezee gitaa. Nimeshukuru kwa moyo wote. Lakini naomba sana usimpe.

Sababu ya kwanza ni sheria. Kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, uliofanyika Panama, Novemba 2022, aina zote za Pterocarpus za Afrika, jamii ya mulombwa, ziliwekwa kwenye orodha ya miti ambayo mbao zake hazivuki mpaka wa nchi bila kibali. Mulombwa umo. Mukula, ndugu yake wa jamii hiyohiyo, ulitangulia, tangu 2019, na sababu unaijua kuliko mimi: uliyaona malori yakitoka upande wa Kasenga na kushuka kuelekea Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia, msitu mzima umelala juu ya magurudumu. Sitaki shangazi asimamishwe uwanja wa ndege kwa ajili yangu, na sheria yenyewe naona ni ya haki.

Sababu ya pili ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu badala ya kutuma sauti kwa WhatsApp. Nataka gitaa hilo litengenezwe Katuba, hapo kwetu Lubumbashi, kwenye atelie yako, na wewe pamoja na mdogo wangu. Mbao mnazo, mikono mnayo, na wapigaji wanapita mbele ya mlango kila jioni. Kilichobaki ni vipimo na utaratibu, na hivyo vinasafiri ndani ya barua bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Mimi nafanyia kazi kwenye kave, chumba cha chini ya ardhi cha nyumba, chini ya ngazi. Nina meza moja, jiriwa, randa, patasi, msumeno wa meno madogo. Hakuna kifaa ambacho wewe huna, isipokuwa kimoja: kipimo cha unyevu wa hewa. Hicho nakitazama kabla ya kufungua gundi. Nataka kisome kati ya asilimia 45 na 50, na kave ya Ubelgiji haifiki hapo yenyewe, kwa hiyo nina mashine ya kukausha hewa inayonguruma kutwa. Kipimo hicho nitakuletea.

Mulombwa nilionao niliupata hapahapa, kwenye soko la La Batte, lile la Jumapili kando ya mto Meuse. Lilikuwa kabati la zamani, miguu imevunjika. Muuzaji alijua tu kwamba lilitoka Kongo enzi za wakoloni. Nyumbani nilipitisha randa kwenye ubao wa nyuma, rangi ile nyekundu ya kahawia ikajitokeza, na harufu ya atelie yako ikajaa kave nzima. Mama, nilikaa chini. Ubao huo ndio nilioupasua kutengeneza mbavu, zile mbao za pembeni, na mgongo wa gitaa ninalolipiga sasa.

Mbavu zinapunguzwa mpaka milimita 2 na kidogo, mgongo kama milimita 2.5 hadi 3. Kwa fundi wa makabati huo ni wembamba wa kutisha, najua. Lakini ndio unaoruhusu ubao kupinda, na kupinda mbavu ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Unapasha moto bomba la chuma mpaka tone la maji likidondoka juu yake linarukaruka na kutoweka. Ubao unaulowesha kidogo. Unauegemeza kwenye bomba kwa mikono miwili, nyuma yake umeweka bati jembamba ili nyuzi za mti zisifumuke, kisha unasubiri. Mwanzoni unakataa kabisa. Halafu unasikia kwenye vidole kwamba umelegea, haushindani tena, na hapo unausindikiza taratibu kufuata ramani, ule mchoro wa umbo la gitaa. Kinacholegea ni lignini, ile gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mti. Moto unailainisha, ikipoa inashika upya kwa umbo jipya. Ukiharakisha kabla haijalegea, unasikia ubao umelia, na ubavu huo umekwisha.

Nawe huhitaji umeme kwa hilo. Bomba la maji la zamani likiingizwa kwenye mbabula yenye makala ya kutosha litafanya kazi ileile, hata siku ambazo mtaa mzima uko gizani.

Sasa naomba mnisikilize vizuri kuhusu uso wa gitaa, ule ubao wa mbele wenye tundu. Fundi mmoja wa Hispania, Antonio de Torres wa Almería, ndiye aliyelipa gitaa la nyuzi laini umbo tunaloliona hadi leo. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni za karatasi ngumu, katoni, na uso wake ni wa mbao nzuri. Alitaka watu waelewe sauti inatoka wapi. Gitaa hilo lipo mpaka sasa kwenye jumba la makumbusho ya muziki la Barcelona. Kwa hiyo mtu akikuambia mulombwa ndio utakaoimba, mwache aseme. Faida ya mulombwa ni nyingine: ni mti ambao hausinyai sana wala hauvimbi sana majira yanapogeuka. Kwa mji wetu, ambao mvua inapiga kuanzia Novemba halafu Septemba hewa inakauka mpaka midomo inapasuka, hiyo ni neema kubwa.

Uso unataka mti mwepesi lakini mgumu kupinda, na huku wanatumia episea, mti wa majani ya sindano wa milima ya Ulaya. Nimeuliza sana, nimesoma sana, sijaona mti wa msitu wetu unaofanana nao. Acajou, yaani mahogani, inaweza, kuna magitaa mazuri yenye uso wa acajou, na sauti yake ni ya joto zaidi. Ila kwa gitaa la kwanza nataka mpate episea. Haimo kwenye orodha ya CITES, kwa hiyo shangazi atarudi na jozi kadhaa zilizokwisha kupasuliwa. Valizi yake itarudi na mbao badala ya kuja nazo.

Uso huo mtaupunguza mpaka milimita 3 hivi, pengine chini kidogo. Nyuma yake mnagundisha mihimili, miwili mikubwa ikikatana kama msalaba uliolala chini ya tundu, na mingine midogo pembeni. Mpangilio huo unajulikana tangu magitaa ya C. F. Martin huko Marekani, miaka ya 1840. Mihimili lazima iwepo, maana nyuzi sita za chuma, hata zile nyepesi, zinavuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Ni mtu mzima mwenye mwili wake ananing'inia usiku na mchana kwenye daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi juu ya uso. Lakini mihimili ikiwa minene, uso unakuwa bubu. Ndiyo maana inachongwa ikiwa imeshagundishwa. Unaushika uso kwa vidole viwili, karibu na sikio, unaugonga kwa kidole gumba. Unajibu kwa sauti fupi, kavu. Unatoa unyoya mmoja wa mbao kwa patasi, kuelekea kwenye ncha za muhimili. Unagonga tena. Taratibu sauti inashuka na kurefuka, mpaka unaisikia ikiendelea baada ya kidole kuondoka. Kuna mahali pa kusimama, na hakuna milimita itakayokuonyesha. Papa, wewe uliyetufundisha kujua kwa kugonga kama ubao umekauka mpaka ndani, hapo utanipita mbali.

Kwa nini nalishikilia sana jambo la uso mwembamba? Kwa sababu ya muziki wetu. Wewe ndiye uliyetusimulia Mwenda wa Bayeke, mpiga gitaa, mtoto wa Bunkeya, ambaye Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 pale Jadotville, Likasi ya leo. Kidole gumba na cha shahada, basi, na ukisikiliza bila kuona unaapa kwamba wako wawili. Upigaji ule ni wa mguso. Magitaa ya bei rahisi yanayojaa madukani uso wake ni tripleksi nene, mbao za matabaka yaliyogundishwa, haimsikii mtu mpaka apige kwa nguvu. Kijana wa Kamalondo, hapo mjini kwetu, anajaribu mtindo wa wazee kwenye ubao wa namna hiyo, hausikiki, anaacha, halafu watu wanasema mtindo umepitwa na wakati. Mimi sikubali. Mpeni kijana huyo gitaa lenye uso unaoitikia, kisha msikilize.

Wala tusiseme kwetu hakuna mafundi wa ala. Karindula inatengenezwa kwa pipa na ngozi ya mbuzi, nyuzi nne tu, na inatikisa avenue nzima. Kinshasa jina la fundi Socklo limejulikana miaka mingi kwa magitaa ya mkono.

Majira mnayajua, ila kwa kazi hii yana amri yake. Uso na mgongo zigundishweni kiangazi, kati ya Juni na Agosti. Ubao uliofungwa hewa ikiwa kavu utavimba kidogo mvua ikija, gitaa litainua tumbo kidogo, halitadhurika. Ule uliofungwa Januari utasinyaa Septemba, na kwa kuwa umeshikwa pande zote, utapasuka. Mkimaliza, litunzeni ndani ya kasha lake, mbali na dirisha na mbali na mbabula.

Gundi: tumieni ile ya ngozi, Papa, ile uliyokuwa ukiyeyusha kwenye chungu ndani ya maji ya moto zamani. Isizidi nyuzi joto 60, ikichemka inapoteza nguvu. Kole nyeupe ya dukani ni nzuri kwa kabati, lakini chini ya mvuto wa nyuzi na joto la Oktoba inaweza kuteleza kidogo kidogo mpaka daraja likahama. Ya ngozi inakauka ngumu kama kioo, na siku gitaa likihitaji kufunguliwa, moto na unyevu vinaiachia.

Shingo sitaieleza sana. Ni useremala wa kawaida, acajou iliyonyooka itafaa, na mdogo wangu amenitumia picha za miguu ya viti aliyochonga. Mtu anayechonga vile hahitaji mafundisho yangu. Freti, vile vichuma vinavyokatiza shingo, ndizo zenye hesabu. Kutoka kwenye mfupa wa juu, ule unaoinua nyuzi mwanzoni mwa shingo, hadi darajani chukueni milimita 650. Gawanyeni kwa 17.817: freti ya kwanza iko milimita 36.5 kutoka kwenye mfupa. Kinachobaki kigawanyeni tena kwa nambari hiyohiyo mpate umbali kutoka ya kwanza hadi ya pili, na kuendelea hivyo. Ya tano itaangukia 163, ya saba 216.2, na ya kumi na mbili lazima iwe nusu kamili, 325. Ikiwa si 325, hesabu imepinda mahali. Pimeni zote kutoka kwenye mfupa, msiruke kutoka freti hadi freti, maana unywele mmoja ukikosewa mara nyingi unakuwa milimita. Na daraja lirudi nyuma milimita 2 au 3, zaidi upande wa nyuzi nene, kwa sababu uzi ukikandamizwa unavutika na sauti yake inapanda.

Jambo la afya, na hapa namwomba Mama asimamie. Vumbi la mulombwa linachokoza pua na kifua, na kwa gitaa mtapiga msasa mwingi kuliko kwa kitanda. Shangazi analeta maski. Zivaliwe na wote wawili, hata jirani wakishangaa.

Sasa kazi ya kuanzia. Katika vile vipande, chagueni ambavyo ukitazama kichwa cha ubao, mistari ya mti imesimama wima, haikulala. Kwa mgongo nahitaji vipande viwili vya sentimita 55 kwa 20 kutoka ubao mmoja, vifunguliwe kama kitabu ili michoro ikabiliane. Kwa mbavu, viwili vya sentimita 85 kwa 12. Pasueni kwa unene wa milimita 4, vipangeni kivulini, kati yake mkiweka vijiti vya unene mmoja, na juu tofali chache. Vikae hivyo mpaka shangazi atakaporudi na episea, waya wa freti, na karatasi kubwa ya ramani niliyoichora kwa vipimo halisi.

Yaya aniandikie mmepata vipande vingapi vinavyofaa na kama kuna chochote chenye mstari wa manjano iliyopauka. Huo ni ubao wa pembeni, ule wa karibu na gome, ukatwe utolewe. Na mdogo wangu agonge kipande kimoja karibu na simu anitumie sauti.

Msalimieni Mama Mkubwa wa komini ya Kenya, na majirani wote wa avenue.

Mtoto wenu