Haikuwa sindano

Kaptembwo, Nakuru
Jumatano usiku

Wafula mwanangu,

Hujambo huko Kisumu? Sisi hapa tu wazima. Mvua imeanza na njia ya kwenda kibandani ni matope tena. Nashukuru kwamba mlimrudia yule mzee Jumatatu wewe na msimamizi wako. Hilo tulilimaliza kwa simu na silirudii. Haya ninayoandika yamenishinda kusema kwa simu.

Jumapili uliniambia, "Mama, nataka kuacha hii kozi ya ustawi wa jamii," nami nikakujibu upesi, "Jikaze, baba, umebakisha mwaka mmoja tu." Nilipokata simu neno hilo likanikaa kooni. Mimi, kati ya watu wote, ndiye wa kumwambia mtu ajikaze! Uzi wa cherehani ukiukaza kupita kiasi mshono unajikunja, ukizidi unakatika. Hilo nililijua tangu nikiwa najifunza ushonaji, lakini mdomo una mazoea yake.

Hukunitajia jina la mzee, na hapo nilifurahi. Siri ya mtu ni kama nguo aliyoacha kwa fundi, huivai wala huionyeshi majirani. Uliniambia tu kwamba alikuuliza, "Kijana, nisipoamka kesho, nani atajua?" nawe ukamsomea yale ya darasani, ukajaza fomu, ukaondoka, na tangu siku hiyo chakula hakipiti. Acha nikusimulie kitu nilichokiona, halafu kingine nilichokuficha.

Mwanzo wa mwaka 2008 wewe ulikuwa nasari. Waliofukuzwa makwao baada ya uchaguzi walijaa pale showground na Uwanja wa Afraha, maelfu kwa maelfu. Kanisani tulipangiwa zamu za kupika, yangu ikawa Jumanne na Ijumaa. Palikuwa na mama mmoja wa makamo aliyefunga ufunguo kwenye pindo la leso. Nyumba yake iliungua akiiona kwa macho yake, lakini kila asubuhi alifungua lile fundo, akautazama ufunguo, akaufunga tena. Akaja kijana mmoja na fomu zake. Watoto wangapi? Umetoka wapi? Umepoteza nini? Mama akajibu yote kama anayetaja vitu vya dukani. Kijana akasema pole sana mama, akahamia hema la pili. Simlaumu, mahema yalikuwa mengi na siku ni moja.

Wiki iliyofuata akaja dada mwingine wa kazi ile ile. Alimkuta mama anachambua maharagwe. Akalaza jerikeni, akaketi juu yake, akavuta sinia kidogo upande wake, akaanza kutoa mawe. Kwa muda mrefu sikusikia neno. Mimi nilikuwa kwenye sufuria, naona migongo yao tu. Kisha mama akasema bila kuulizwa, "Mlango niliufunga mwenyewe. Mbwa alikuwa ndani." Hapo ndipo alipolia, na sijui kama alikuwa amelia tangu afike. Yule dada hakumwambia nyamaza. Aliendelea kutoa mawe, ila polepole zaidi.

Februari 28 viongozi walipotia sahihi mkataba wa kugawana madaraka mbele ya mpatanishi Kofi Annan, tulipiga makofi kwenye televisheni ya kinyozi. Lakini mwezi wa nne yule mama alikuwa bado hemani, na dada wa jerikeni alikuwa bado anakuja.

Kwa hiyo sidhani kwamba ulikosa jibu la kumpa mzee. Ulikosa jerikeni. Na ulikosa ujasiri wa swali moja, ambalo hata wazee wako wa kazi huliogopa. Mtu akiongea hivyo, usizunguke, muulize waziwazi kama anawaza kujitoa uhai. Tulilelewa tukiambiwa kwamba ukilitaja unaliita. Si kweli. Ukiliuliza humwekei mtu wazo hilo kichwani, na wengi hushusha pumzi kama waliotua gunia. Kisha usimwache peke yake, na msimamizi ajue saa hiyo hiyo. Ukikwama usiku, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, haitozi hata shilingi.

Watu wetu wana sababu ya kunyamaza. Sheria yenyewe iliwafunga mdomo. Kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilisema anayejaribu kujiua anaweza kufungwa hadi miaka miwili, yaani mtu atolewe kaburini apelekwe jela. Hapa plotini jirani yetu alipookolewa, mumewe alituambia ni malaria. Sote tulijua, na sote tukaenda kumpa pole ya malaria. Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Ni vizuri, lakini yule jirani mpaka leo ukikaa naye anaeleza habari za mbu.

Tena angalia maneno unayokwenda nayo kwa watu. Redioni wanasema msongo wa mawazo, Tanzania wanasema sonona. Ni maneno mazuri. Lakini miaka yote hii nimepima watu mabega na viuno, na hakuna mteja aliyewahi kuniambia ana sonona. Husema usingizi umenihama. Husema nafikiria sana. Mwingine hasemi kitu, ila kiuno kimepungua inchi tatu tangu Desemba, nami nakata kitambaa huku najua. Kule Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, yaani kufikiria kupita kiasi. Daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 na akina nyanya 14 wa mtaa wa Mbare mjini Harare, akawafundisha kuketi na watu kwenye benchi nje ya kliniki. Nyanya hahubiri. Anasikiliza mpaka mambo yote yamwagike, halafu mwenye shida anachagua mwenyewe moja la kuanza nalo. Matokeo ya utafiti yalitoka mwaka 2016: baada ya miezi sita, walioketi na nyanya walikuwa na nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Niliyasikia hayo redioni nikiwa napiga pasi, nikaunguza ukosi wa shati la mwalimu.

Sasa lile nililokuficha.

Unakumbuka mwaka 2015, ukiwa darasa la sita, nilikupeleka Bungoma kwa kukhu, nyanya yako, ukakaa muhula mzima. Nilikuambia ni karo. Haikuwa karo. Nilikuwa naketi mbele ya cherehani tangu asubuhi, mguu juu ya pedeli, na mguu hausogei. Sare za watu zilirundikana mpaka zikaziba dirisha. Usiku nilikuwa nahesabu mabati. Baba yako aliwaambia watu ni presha, nami nikaisema hiyo presha mpaka nikakaribia kuiamini. Wenzangu wa chama walikuja na mkate na maombi. Wakaniambia nijikaze, nina mtoto mwerevu, wengine hawana hata mmoja. Walisema kweli, na kila neno liliniongezea uzito.

Aliyeniinua ni yule mama mboga wa kona, unayemwita shosho. Alikuja na kisu chake na fungu la sukuma, akaketi mlangoni, akaanza kukata, kama vile kwake hakuna mahali pa kukatia. Siku ya kwanza alikata akaenda. Ya pili vile vile. Siku ya nne akasema bila kuniangalia, "Kesho tunaenda kliniki. Kibanda changu nitafunga." Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku anayouza kuliko zote, na akafunga. Daktari aliniandikia dawa. Wiki za kwanza zilinikausha mdomo nikataka kuziacha, nesi akanikataza, na kila baada ya wiki mbili nilikuwa naketi naye tunaongea. Nilimeza miezi tisa. Sikupona kwa siku moja. Asubuhi moja tu nilijikuta naishona sare ya pili kabla sijakumbuka kwamba siwezi.

Hayo ningeweza kukuambia zamani. Lakini baadaye kukhu alinieleza kwamba kule Bungoma ulikuwa unamuuliza kama nilikufukuza kwa sababu ya sindano. Ile sindano ya cherehani uliyoivunja ukijishonea kimfuko cha kutilia bano. Mimi nilikuwa nimesahau hata kwamba ilivunjika. Mtoto wa miaka 12, muhula mzima, amebeba sindano ya shilingi ishirini. Nami nikaona aibu kukueleza, kwa kuwa ningekueleza sindano ningelazimika kukueleza na yale mengine. Nimenyamaza miaka yote hii. Haikuwa sindano, Wafula. Hukuwa umefanya kitu.

Kuhusu kozi, sikukatazi. Ukiona kazi hii si yako, rudi nyumbani, tutatafuta nyingine na baba yako nitaongea naye. Ila kabla ya kuamua, muulize huyo msimamizi wako yeye hufanya nini jioni akitoka huko mtaani Nyalenda mnakozungukia watu. Kama atakuambia hafanyi kitu, na kwamba amezoea, mtafute mwingine wa kumuuliza. Na ule. Hata ugali na omena ya kibandani, ule kwanza.

Nimempa kondakta mfuko wenye sweta, njugu, na zile suruali mbili nilizopunguza. Mkono wa kushoto wa sweta umezidi kidogo, nilikuwa nashona usiku. Ukunje tu, usinirudishie, nina sare nyingi za watu hapa. Ukishaupata mfuko nipigie. Na kama barua hii imekukasirisha, nipigie vile vile, ukiwa na hasira zako.

Mama yako