Usinimalizie Sentensi

Rafiki yangu wa miaka mingi,

Salamu. Kwenye ujumbe wako wa juzi uliniuliza mbona niliondoka mapema bila kuaga, nikakujibu kwa neno moja: uchovu. Haukuwa uchovu. Nimekaa siku nne nikitafuta namna ya kukuambia, nikaona bora niandike, maana kwenye karatasi sikwami. Hapa nafika mwisho wa kila sentensi niliyoianza, na hakuna anayenitazama mdomo.

Unakumbuka tulivyokaa mviringo, kila mtu akijitambulisha? Zamu ikanifikia. Nilifungua kinywa, sauti ya kwanza ya jina langu ikagoma. Ilipita sekunde moja, labda tatu. Nilikuwa katika hali niliyoizoea tangu utotoni, kigugumizi: koo limefunga, hewa ipo, neno lipo, ila mlango haufunguki. Ungefunguka. Huwa unafunguka. Kabla haujafunguka wewe ukalitamka jina langu kwa sauti, ukatabasamu, ukaongeza, "Ana aibu kidogo huyu." Watu wakacheka kwa upole, zamu ikaenda kwa mwingine.

Kunitajia jina ningekusamehe hapo hapo. Wengi hufanya hivyo, nami nimezoea kupokea maneno yangu kutoka vinywani mwa watu. Kilichonichoma ni lile neno aibu. Wewe umeniona nikibishana na wakubwa wangu kazini, nikicheza mbele ya ukumbi mzima, nikimwomba mtu nisiyemjua anipishe kwenye foleni. Aibu ipi? Nikajiuliza, kama huyu anayenijua hivi anaona aibu kila ninapokwama, basi wale wengine wanaona nini?

Najua wanachoona, maana wananiambia. Safari moja niliitwa kwenye usaili wa kazi, wamekaa watatu upande wa pili wa meza. Wakaniuliza jina. Jina, bwana, ndilo neno gumu kuliko yote, kwa kuwa halina mbadala. Nikakwama. Mmoja wao akatania, "Umelisahau?" Nikacheka nao, kama ninavyocheka siku zote, na ndani najilaumu kwa kucheka. Tukaendelea. Nilipofika kueleza kazi niliyowahi kuifanya kwa miaka miwili, nikakwama tena, na safari hii yule wa katikati akainama, akaisoma upya barua yangu ya maombi, akauliza, "Una hakika haya umeyafanya mwenyewe?" Wa kwanza aliona msahaulifu, huyu akaona mwongo.

Watu wanajiamini kweli katika kumtambua mwongo. Anayesita anaficha, anayetazama pembeni anaficha, anayerudia silabi ndiyo kabisa. Bella DePaulo na Charles Bond, watafiti wa saikolojia, walikusanya majaribio mengi ya namna hiyo na kutoa matokeo yao mwaka 2006: kwa wastani watu hupatia mara 54 katika 100. Kurusha sarafu kungekupa 50. Kwa hizo nne za ziada, mtu anakaa mezani anaamua kama nimewahi kufanya kazi au sikuwahi.

Sitawalaumu watu peke yao, lugha yetu nayo imo. Fungua gazeti: "Viongozi wapata kigugumizi kuhusu ripoti." Maana yake wanakwepa, wanajua jambo hawataki kulisema. Kila nikisoma kichwa cha habari cha namna hiyo najikuna kichwa. Wale viongozi hawana kigugumizi hata kidogo! Wanaongea mfululizo, hawakwami popote, na hawajibu. Mwenye kigugumizi ni mimi, niliyetaka kujibu tangu mwanzo. Lakini neno limeshakwenda, limekuwa jina la ujanja, na mtu akinisikia nakwama, maana ile ya gazetini inatangulia kufika kichwani mwake kabla mimi sijafika mwisho wa neno.

Tunayo pia ile "fikra mgando", nami naipenda kwa sababu inapatana na asili ya jambo lenyewe. Zamani wachapaji walikuwa wakishapanga herufi za ukurasa, wanachukua chapa yake na kumimina madini yaliyoyeyushwa, yakipoa yanaganda kuwa bamba moja. Hapo hakuna haja ya kupanga herufi tena, unachapa ukurasa uleule mara elfu. Mwaka 1922 Walter Lippmann, mwandishi wa habari wa Marekani, alilichukua jina la bamba hilo, kwa Kiingereza stereotype, akaziita kwalo picha tunazobeba vichwani kuhusu watu. Sisi kwenye Kiswahili hatukuhitaji kiwanda cha uchapaji, tulisema tu mgando tukamaliza.

Sasa nikueleze mambo ambayo miaka yote hii hukuniuliza, nami sikukueleza. Kigugumizi mara nyingi huanza mtoto akiwa na miaka kati ya 2 na 5, wakati maneno yanapomjia kwa kasi. Katika watoto 100, kama 5 hivi hupitia hapo. Wengi wao hali hiyo huwatoka, na ukubwani hubaki kama mtu 1 katika 100, wanaume karibu wanne kwa kila mwanamke mmoja. Hutembea katika ukoo. Mwaka 2010 watafiti walitangaza jeni za kwanza walizozihusisha nacho. Hofu haileti kigugumizi. Inaweza kukizidisha, kama upepo unavyouzidisha moto ambao haukuuwasha. Na kuna kioja hiki: nikiimba sikwami. Nikisoma kwa pamoja na mwenzangu, sauti zetu zikienda sambamba, sikwami. Nikiwa peke yangu chumbani naongea na ukuta, natiririka kama mtangazaji wa mpira. Ukuta umenisikia nikisema mambo mazuri sana.

Kwa hiyo ukiniambia "tulia, vuta pumzi, anza polepole", nashukuru, ila ni kama kumwambia mwenye makengeza atazame vizuri.

Halafu kila mtu ana mfano wa kunipa. Wa kwanza ni Demosthenes, Mgiriki wa kale anayesimuliwa kwamba alijaza kokoto mdomoni akanoa ulimi. Wa pili ni Mfalme George wa Sita wa Uingereza. "Yule alishinda," wanasema, "na wewe utashinda." Basi nilimsoma huyo mfalme. Alianza kufundishwa na Lionel Logue, mtaalamu wa matamshi, mwaka 1926. Tarehe 3 Septemba 1939, siku Uingereza ilipoingia vitani na yeye akahutubia redioni, Logue alikuwa naye chumbani mlemle. Miaka kumi na mitatu! Mimi hadithi hiyo inanifariji kwa sababu nyingine kabisa: alihutubia akiwa na kigugumizi chake. Wanaonisimulia wanaihesabu kuwa habari ya mtu aliyejitahidi akapona, na mimi, ambaye bado ninacho, huenda ni mvivu.

Ya hasira unaijua. Eti wenye kigugumizi wana hasira za karibu, ukichelewa kuwaelewa wanakupiga. Ukishapewa hiyo huna pa kutokea. Mtu anakukata kauli mara tano, mara ya sita unapandisha sauti, na yeye anageuka kwa wenzake: "Mnaona? Si niliwaambia?" Nikinyamaza nayo ni kesi. Kuna ofisi niliyofanya kazi miezi ya mwanzo bila kusema sana, nikachoka kupigania kila neno. Wakanibandika "kimya kingi kina mshindo mkuu". Wakakaa wanaungoja mshindo. Nadhani mpaka leo wapo wanaoungoja.

Na wapo wanaonidhani mpenda Kiswahili cha vitabuni. Hili linanichekesha zaidi ya yote. Sauti zinazonisumbua, kama umewahi kusikiliza, ni k na b. Kwa hiyo badala ya barua nasema waraka. Badala ya kazi nasema shughuli. Baba yangu ni "mzee", kesho ni "siku ifuatayo leo". Watu wanasema, huyu bwana ana lugha! Lugha gani, nakimbia. Kila sentensi kichwani mwangu nimeitazama kutoka mbali, nimeona neno limesimama njiani na rungu, nikakata kona. Siku nyingine nakata kona nyingi mpaka nasema kitu ambacho sikukikusudia. Niliwahi kuagiza nisichokipenda nikakimaliza chote, kwa kuwa nilichokitaka kinaanza na k.

Kuna kisa kimoja nilipokisoma nilifunga kompyuta nikatoka nje kutembea. Mwaka 1939 katika jimbo la Iowa, Marekani, mtafiti Wendell Johnson, ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi, alimsimamia mwanafunzi wake katika jaribio kwa watoto 22 waliokuwa wakilelewa kwenye nyumba ya yatima. Wapo waliokuwa wakizungumza vizuri tu. Kati yao, sita waliambiwa kwamba wameanza kuwa na kigugumizi, wajiangalie, wasiseme mpaka wawe na hakika ya kulitamka neno sawasawa. Haikuthibitika kwamba waligeuka kuwa na kigugumizi. Walichogeuka ni wakimya. Wakaanza kuogopa kusema, wengine hata darasani hawakutaka kusoma kwa sauti. Chuo kikuu kilichohusika kiliomba radhi mwaka 2001. Hawakuwa na kasoro yoyote wale sita, walipewa tu hadithi kuhusu vinywa vyao, nao wakaiamini.

Nami nilipewa yangu. Ukiambiwa miaka yote kwamba una aibu, unajifunza kukaa nyuma, maana nyuma hapaulizwi jina. Kwa hiyo labda siku ile uliona kitu cha kweli. Lakini uliona matokeo ukayaita chanzo.

Nimeandika mpaka hapa nikijiona mtu aliyeonewa, na ningeishia hapa kama si jambo moja linalonifanya nishindwe kukulaumu sana. Kazini kwetu yupo mwenzangu mmoja anayeongea kwa kasi isiyo ya kawaida, maneno yanagongana, hakuna nukta wala mkato. Mwaka mzima nilimkwepa. Nilishamhukumu siku ya kwanza: debe tupu haliachi kuvuma. Nilimwona mtu wa juujuu, mpiga domo, hata siri nisingempa. Nadhani pia nilimwonea wivu, ingawa wakati ule nisingekubali. Tukapangiwa kazi moja, mimi na yeye wiki mbili. Siku ya tatu nilikwama kwenye neno, kukwama kubaya, kwa muda mrefu. Nikasubiri animalizie, maana huyu asipomalizia yeye atamalizia nani? Hakumalizia. Alikaa, mikono mezani, akanitazama kama mtu asiye na pa kwenda. Neno likatoka.

Baadaye nilimuuliza. Akaniambia kwao alizaliwa wa saba, na mezani ukinyamaza uvute pumzi tu, zamu yako imekwenda, hairudi. Kwa hiyo alijifunza kusema yote kabla hajakatwa. Akasema, "Mimi najua kukatwa kauli kulivyo." Nilikuwa nimekaa mwaka mzima hatua tatu kutoka kwa mtu pekee pale ofisini mwenye ugonjwa uleule kama wangu, nikimwita debe.

Kwa hiyo sikuandikii kama mtu aliyenawa mikono. Ninachokuomba ni kidogo. Nikikwama, nitazame usoni kama ulivyokuwa ukinitazama sekunde moja kabla. Usiangalie chini, wala usinitikisie kichwa kunihimiza. Usiniambie nitulie. Usinitafsirie kwa watu. Wakikutazama wewe wapate jibu, waelekeze tena kwangu. Na jina langu niachie, hata likichukua dakika. Watakaochoka kusubiri jina wasingenifaa kwa mengine.

Najua utasema mbona sikukuambia zamani. Nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza ulinimalizia sentensi, ukaimalizia vibaya, nami nikaona uvivu wa kuirudia. Mara ya pili nilikata kona mwenyewe.

Sijanuna tena. Nitakupigia Jumapili jioni, na unajua simu na mimi: mara nyingi neno la kwanza halitoki, watu wanasema "halo, halo" mara mbili halafu wanakata, wakidhani ni mtandao. Ukipokea ukasikia kimya, usikate. Ni mimi.

Wako,
Rafiki yako yuleyule