Shukrani kwa mkutubi wa dawati la utafiti

Jina lako silijui, lakini mchango wako umo katika kila sura ya tasnifu yangu. Nilikuja kutafuta makala moja tu; wewe ukaanza kwa kuniuliza swali la utafiti wangu ni lipi. Ukanifundisha kupekua hifadhidata kwa visawe vya kila dhana, na kufunga kirai ndani ya alama za kunukuu ili kitafutwe kikiwa kizima. Kubwa kuliko yote, ulinionyesha kufuata makala pande mbili: nyuma kupitia marejeleo yake, na mbele kupitia waliokuja kuinukuu baadaye. Hapo ndipo uwanja wangu ulipofunguka. Zotero nayo, programu ya bure iliyopo tangu 2006, ikanipangia marejeleo. Na kitabu ambacho maktaba yetu haina ukaniagizia kwa mkopo kutoka maktaba nyingine.

Huniuma kuona wanafunzi wa uzamili na uzamivu wakihangaika peke yao, ilhali wataalamu kama wewe wapo na wanapenda kuulizwa.

Asante sana, mwalimu wangu. Tasnifu nimeshaikabidhi, na ukurasa wa shukrani unakutaja kwa kazi yako.