Milango ya Unguja ina mafundi wake

Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu tangu ujana na sijapata kuwaandikia, lakini ile makala ya Jumapili kuhusu historia ya usanifu Zanzibar nimeshindwa kuinyamazia.

Mwandishi wenu anadai nchi ndogo kama hii haikuwa na usanifu wake mpaka Sultani Sayyid Barghash alipojenga jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883. Aende Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Mihrabu ya msikiti ule ina maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Waliochonga pale hawakumsubiri sultani yeyote.

Kisha anaisifu milango yetu kwa kutaja wenye nyumba na matajiri, fundi hata mmoja hamna. Mimi ni seremala wa nakshi. Hoteli moja ya mjini ilitupa kazi ya mlango wa mbele. Tulizungusha nakshi ya mnyororo kwenye fremu nzima, na mnyororo ukikosea pete moja tu, ubao wa msaji umekwenda. Mfaa, ule mti wa katikati ambapo mbao mbili za mlango hukutana, niliuchonga mwenyewe, usiku, kwa sababu tarehe ya ufunguzi ilishatangazwa. Siku yenyewe alishukuriwa mkandarasi, akashukuriwa mpambaji aliyetoka ng'ambo, akashukuriwa hata aliyeleta maua. Sisi tukaambiwa tupite mlango wa jikoni tusiwasumbue wageni. Nikiwa nimesimama kando, nikamsikia mtembeza wageni akisema ile ni kazi ya Waarabu. Waarabu wamo, na Wahindi wamo pia, maana milango ya tao ilishamiri kwa mkono wao mwishoni mwa karne ya 19. Lakini mlango ule umechongwa na watu wa Unguja walio hai, na walikuwa wamesimama hatua chache kutoka pale!

Kanga nayo ni yale yale. Sifa wanapewa wenye maduka, wakati husimuliwa kuwa ni wanawake walioshona leso ndogo sita pamoja, safu mbili za tatu tatu, wakapata vazi. Leo tunaletewa kanga ambazo jina lake, yaani yale maneno yaliyoandikwa, limekosewa herufi, na muuzaji anasema hakuna anayelisoma. Mke wangu hulisoma kwanza, ndipo atazame rangi.

Nashauri hivi: Mamlaka ya Hifadhi isiruhusu mlango mpya wa nakshi kutiwa Mji Mkongwe mpaka jina la fundi na mwaka vichongwe chini ya mfaa, upande wa barabarani, kwa herufi za nusu inchi. Vichongwe kwa patasi, visiandikwe kwa rangi, kwa sababu rangi mwenye nyumba ataipaka nyingine juu yake.

Seremala,
Mwembetanga, Unguja